Tani Zinapanda, Lakini Tunapitisha Nini?

Mjadala wa bandari zetu umegeuka ligi. Oktoba 2023 Tanzania ilisaini mikataba ya miaka 30 na DP World ya Dubai kuendesha sehemu ya Bandari ya Dar es Salaam. Mei 2024 gati namba 8 hadi 11 zikaenda kwa ubia unaoongozwa na Adani ya India. Mwaka 2025 treni za mizigo zikaanza kutembea kwenye reli ya SGR, na mwaka huohuo TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ikapata mkataba wa ukarabati na uendeshaji wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya Kichina ya CCECC. Jirani zetu hawajalala: Mombasa ilivuka makontena milioni 2 ya kipimo cha futi 20 mwaka 2024, na kule magharibi bandari ya Lobito ya Angola inavuta shaba ya Katanga, kusini mwa Kongo, kuelekea Atlantiki. Kila tangazo linapotoka, swali linaloulizwa magazetini na mitandaoni ni lilelile: nani anaongoza kwa tani? Ni swali lenye jibu la haraka, ndiyo maana linapendwa. Lakini linatupoteza.

Hoja ya makala haya ni kwamba ukubwa wa uchumi huweka dari ya biashara, yaani kiasi ambacho nchi mbili zinaweza kuuziana, wakati ubora wa lojistiki, yaani upangaji na usafirishaji wa mizigo, hufanya kazi ya chekecheke: huchagua ni bidhaa gani zitapita na ni wafanyabiashara wa aina gani watapita nazo. Tani zinaweza kupanda mwaka hadi mwaka huku matundu ya chekecheke yakibaki vilevile. Shaba itapita, mafuta yatapita, ngano itapita. Parachichi, maziwa, nguo zilizoshonwa Morogoro na mzigo wa mama mwenye duka Kariakoo vitaendelea kukwama, na hesabu ya tani haitatuonyesha kwamba vimekwama.

Tuanze na dari. Mwaka 1962 mchumi Mholanzi Jan Tinbergen, ambaye miaka saba baadaye alikuwa mmoja wa wawili wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alionyesha kwamba biashara kati ya nchi mbili hufuata kanuni inayofanana na ile ya mvutano wa sayari: huongezeka kadiri Pato la Taifa la kila moja linavyokua, na hupungua kadiri umbali kati yao unavyorefuka. Tangu hapo kanuni hiyo imepimwa kwa takwimu za karibu kila kona ya dunia na haijaanguka. Kwa makadirio ya kawaida, uchumi wa nchi mbili ukikua kwa asilimia 5 kila mmoja, biashara kati yao hukua kwa takriban asilimia 10, kwa sababu mmoja ana zaidi cha kuuza na mwenzake ana zaidi cha kununulia. Ndiyo maana Tanzania, inayopakana na Kenya na Burundi, haiwezi kutegemea kuuza Bujumbura kiasi inachouza Nairobi, hata barabara ya Kabanga ikiwekwa lami ya dhahabu. Mwaka 2023 Pato la Taifa la Kenya lilikuwa zaidi ya dola bilioni 100. La Burundi halikufika bilioni 5. Mtu anayeahidi kwamba kreni mpya zitaondoa pengo hilo hasemi kweli.

Lakini "umbali" katika kanuni ya Tinbergen ni jina la kifurushi. Ndani yake mna kilomita, ndiyo, ila mna pia siku, karatasi, foleni, lugha, sarafu na hofu. Wachumi Nuno Limão na Anthony Venables walipochambua gharama za usafirishaji mwaka 2001 walikuta nchi ya kawaida isiyo na bahari inalipa gharama zilizo juu kwa asilimia 50 kuliko nchi ya kawaida ya pwani, na biashara yake iko chini kwa asilimia 60. Walikuta pia kwamba nchi ya kiwango cha kati ikishuka hadi ukingo wa robo ya mwisho kwa ubora wa miundombinu, hupoteza asilimia 28 ya biashara yake. Miaka tisa baadaye wachumi Djankov, Freund na Pham wakapima muda peke yake: kila siku moja inayoongezeka kabla bidhaa haijapakiwa melini hupunguza biashara kwa zaidi ya asilimia 1, sawa na kuisogeza nchi kilomita 70 mbali na wateja wake. Kwa bidhaa zinazoharibika pigo ni kubwa zaidi. Hapo ndipo chekecheke linapoanza kuonekana, kwa sababu siku moja haina uzito sawa kwa kila bidhaa.

Chukua lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi ya Kongo, karibu kilomita 2,000 kupitia mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa. Kwa mwendo wa kilomita 500 kwa siku, kwenda na kurudi ni siku nane za kuendesha. Zinazobaki ni siku za kusimama. Tuseme gharama za kudumu za lori hilo na tela lake, yaani mkopo, bima, leseni, mshahara wa dereva na utingo, ni dola 36,000 kwa mwaka. Likimaliza mzunguko kwa siku 15 litafanya safari 24, na kila safari itabeba dola 1,500 za gharama hizo. Likimaliza kwa siku 30 litafanya safari 12, na kila safari itabeba dola 3,000. Mafuta ni yaleyale, matairi ni yaleyale, barabara ni ileile. Kwa mzigo wa tani 30, kusimama peke yake kumeongeza dola 50 kwa kila tani. Sasa pakia shaba, ambayo tani moja huuzwa kwa dola 9,000 na zaidi: dola 50 hazifiki hata asilimia 1. Pakia mahindi ya Rukwa yanayopelekwa Katanga, tuseme kwa dola 250 kwa tani: dola 50 ni asilimia 20, na faida ya mkulima, dalali na mwenye lori kwa pamoja inaweza isifike hapo. Foleni moja ya Kasumbalesa, dakika zilezile, jua lilelile. Mmoja hakuihisi, mwingine imemfukuza sokoni.

Hii ndiyo sababu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni ya pili duniani kwa uzalishaji wa shaba, ikiitoa kwenye barabara na mipaka ambayo kila dereva wa masafa marefu anaijua kwa mateso yake, huku ikiagiza chakula ambacho ardhi yake ingeweza kuzalisha na kukiuza. Ukitazama thamani ya mauzo ya nje ya Kongo utasema lojistiki mbaya haizuii biashara. Ukitazama orodha ya vilivyouzwa utaona ilichozuia.

Mfano unaofundisha kuliko yote uko Njombe. Parachichi la Hass likichumwa linahitaji kupozwa haraka hadi nyuzi 5 au 6 na kubaki hapo bila kupanda. Kontena la baridi la futi 40 hubeba kama paleti 20, kila paleti katoni 264 za kilo 4, jumla karibu tani 21. Tunda likiwekwa vizuri, hewa ya ndani ikipunguzwa oksijeni, huvumilia takriban wiki nne hadi sita tangu kuchumwa. Safari ya bahari hadi Rotterdam peke yake ilikuwa inakula wiki tatu hadi nne kupitia Suez, na tangu mashambulizi ya Bahari Nyekundu yaanze mwishoni mwa 2023, meli zilizozunguka Rasi ya Tumaini Jema zimeongeza zaidi ya siku 10. Akiba ya siku aliyokuwa nayo muuzaji imekwisha kabla kontena halijaondoka nchini. Hapo kosa dogo halibaki dogo. Kontena linasafiri barabarani likiwa na jenereta yake. Dizeli ikiisha Makambako usiku na dereva akagundua Iringa asubuhi, joto limepanda, tunda limeanza kuiva, na kuiva hakurudi nyuma. Kontena likifika bandarini saa mbili baada ya mlango wa meli kufungwa, yaani muda wa mwisho wa kupokea mzigo wake kupita, halichelewi saa mbili: linachelewa hadi meli inayofuata, ambayo mara nyingi ni wiki nzima. Tunda linafika Ulaya likiwa laini, mnunuzi anapiga picha, anatuma barua pepe, na bei inakatwa nusu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya parachichi la Nyanda za Juu Kusini ilipita Mombasa, ikivuka mpaka na kuongeza takriban kilomita 300 kuliko njia ya Dar es Salaam, na baadhi ikaingia sokoni kama zao la Kenya. Wauzaji hawakuwa wajinga wa ramani. Mombasa ilikuwa na meli nyingi zaidi zenye ratiba, makontena ya baridi yaliyo tayari, na mawakala waliozoea matunda. Kilomita 300 zilishindwa na uhakika.

Uhakika ndilo neno linalokosekana kwenye ligi ya tani. Tunapenda wastani: mzigo unatoka bandarini kwa siku kadhaa, lori linafika Kigali kwa siku kadhaa. Mfanyabiashara hapangi biashara yake kwa wastani, anaipanga kwa siku mbaya. Chukua muuza marumaru wa Kigali anayeuza makontena mawili kwa wiki. Kama mzigo unafika siku yoyote kati ya ya 8 na ya 12, anahitaji akiba ndogo ghalani. Kama unaweza kufika siku ya 8 au siku ya 22, lazima aweke akiba ya siku 10 zaidi, yaani makontena karibu matatu yanayokaa tu muda wote kwa ajili ya hofu. Kila kontena likiwa na thamani ya dola 40,000, ni dola 120,000 zilizolala, na kwa mkopo wa riba ya asilimia 18 analipa dola 21,600 kwa mwaka. Gawanya kwa makontena 104 anayoagiza, kila moja limeongezewa zaidi ya dola 200 ambazo hazionekani kwenye ankara ya bandari, ya reli wala ya forodha. Mwenye mtaji mkubwa atazibeba. Mwenye duka dogo ataishiwa mzigo wiki ambayo wateja wanakuja, na atarudi kununua kwa yule mkubwa.

Siku hizo zinapotelea wapi? Wengi hunyoosha kidole kwenye kreni, na kreni zinahusika. Lakini utafiti wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 2012, ukihusisha pamoja na nyingine bandari za Mombasa na Dar es Salaam, ulikuta kwamba shehena Kusini mwa Sahara, ukiiacha Durban, ilikuwa inalala bandarini karibu siku 20, wakati sehemu nyingi za dunia ni siku tatu au nne, na sehemu kubwa ya kulala huko haikutokana na mashine. Kadhia, yaani tamko la mzigo kwa forodha, ingeweza kuwasilishwa forodhani kabla meli haijatia nanga. Haiwasilishwi, kwa sababu mwagizaji hana bado fedha za kodi, au bili ya shehena, hati ya kuuchukulia mzigo, iko benki ikisubiri malipo, au bado anatafuta mnunuzi. Kwa baadhi ya waagizaji wakubwa bandari ni ghala la bei nafuu mjini, na siku ambazo hazitozwi ada ya kuhifadhi zimekuwa sehemu ya mpango wao. Halafu kuna makosa ya karatasi: maelezo ya bidhaa kwenye ankara hayalingani na manifesti (orodha ya mizigo ya meli), msimbo wa forodha unabishaniwa, thamani inapandishwa na wakala anakata rufaa, cheti cha ubora hakikuombwa kabla ya mzigo kupakiwa kule Guangzhou. Kila kosa ni siku mbili au tatu, na hazipungui hata kreni zikiongezwa mara mbili.

Anayeumia zaidi hapo ni mwenye kontena la kuchangia. Kontena moja lina mizigo ya watu 30: vitenge, vipuri vya pikipiki, vyombo vya jikoni, vifaa vya saluni. Mmoja akitangaza katoni 40 na ukaguzi ukakuta 55, au akaficha bidhaa inayohitaji kibali, kontena zima linawekwa pembeni. Wenzake 29 waliolipa kila kitu wanasubiri, ada ya kuhifadhi inapanda, na kampuni ya meli inadai demareji, yaani tozo ya ucheleweshaji, kwa kontena lake lisilorudi. Kwa mwagizaji wa makontena 50, moja kushikiliwa ni kero. Kwa mama aliyekopa kikundi kununua maboksi sita ni mwisho wa msimu. Lakini takwimu za bandari zinalihesabu kontena hilo kama mengine yote: moja, futi 40, limeshushwa.

Barabarani hali ni hiyohiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori lenye ekseli saba, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma lori linakutana na mizani za Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba. Mzigo uliopita salama Vigwaza unaweza kusogea kwenye mlima wa Kitonga, na ukifika Wenda uzito wa jumla ni halali ila kundi la nyuma limezidi. Dereva angeupanga upya kwa saa moja, lakini kontena la transiti, yaani la kupita kwenda nchi nyingine, lina lakiri ya forodha na haruhusiwi kulifungua bila ofisa. Anasubiri ofisa. Na lori moja likianguka Kitonga penyewe, foleni ya pande zote mbili haibagui aliyepanga vizuri na aliyezembea. Mambo haya madogo ndiyo yanayotofautisha siku ya 8 na siku ya 22.

Sasa tuwasikilize wanaosema uchumi kwanza. Hoja yao ni nzito: zalisheni, wateja wapate kipato, barabara na meli zitafuata pesa. Wana mfano mzuri, Rwanda. Mwaka 2018, katika kipimo cha Benki ya Dunia cha ubora wa lojistiki, Rwanda isiyo na bahari ilishika nafasi ya 57 duniani, juu ya Kenya yenye Mombasa iliyokuwa ya 68. Pamoja na nidhamu hiyo yote, biashara ya nje ya Rwanda bado ni ndogo mbele ya ile ya Kenya, kwa sababu uchumi wake ni sehemu ndogo tu ya uchumi wa Kenya. Dari ni dari. Nakubaliana nao kabisa kwamba lojistiki haiwezi kuuza kisichozalishwa.

Wanapokosea ni pale wanapodhani uzalishaji huja wenyewe bila kuitazama lojistiki. Mkulima hapandi miche ya parachichi, ambayo humchukua kama miaka mitatu hadi mavuno ya kwanza, kama hajui tunda litafikaje sokoni. Kiwanda cha nguo hakiajiri watu 500 kwa oda ya msimu wa sikukuu kama vitambaa vinaweza kuchelewa wiki tatu bila mtu kujua kwa nini. Na kuna ushahidi wa karibu kuliko vitabu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza kwa masharti. Mei mwaka huo Rais Samia alikwenda Nairobi, na serikali mbili zikaanza kuondoa vikwazo visivyo vya kodi kimoja baada ya kingine. Kwa takwimu za Kenya, bidhaa ilizonunua kutoka Tanzania mwaka 2021 zilikaribia mara mbili, kutoka takriban shilingi za Kenya bilioni 28 hadi takriban bilioni 54. Mwaka 2020 ulikuwa wa misukosuko ya vipimo vya corona mipakani, kwa hiyo sehemu ya ongezeko hilo ni mambo kurudi mahali pake. Hata hivyo hakuna uchumi kati ya miwili uliokua mara mbili ndani ya miezi 12, wala mpaka wa Namanga haukusogea. Kilichobadilika ni uhakika kwamba lori lililopakiwa litavuka.

Kundi la pili linasema jenga kwanza, mizigo itakuja, na isipokuja, ielekezwe kwa amri. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na inarudi kila reli mpya inapozinduliwa. Kenya imeshaijaribu kwa niaba yetu. SGR ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka 2018, kwa mkopo mkubwa kutoka China. Mzigo ulipokuwa mdogo kuliko mkopo ulivyohitaji, serikali ikaelekeza makontena yapande treni. Notisi ya Agosti 2019 ikataka shehena yote ya Nairobi na ya bara isafirishwe kwa reli. Wafanyabiashara walipinga, wakazi wa Mombasa wakaandamana. Sababu haikuwa kuichukia treni. Kontena likishushwa bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, bado lilihitaji lori la kulifikisha ghalani, na likiisha kupakuliwa lilihitaji kurudishwa Mombasa kwa kampuni ya meli, safari mbili ambazo bei ya reli iliyotangazwa haikuzihesabu. Mwenye lori alikuwa anafanya yote kwa mara moja, mlango hadi mlango. Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais William Ruto aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Amri inaweza kuongeza tani za treni, kwa kumlipisha mwenye mzigo. Kwa lugha ya Tinbergen, amri hiyo ilirefusha umbali ambao reli ilikuja kuufupisha.

Wapo pia wanaotaka tujipime kwa nafasi kwenye kipimo hicho cha Benki ya Dunia. Kina faida yake, kwa sababu kinagusa mambo sita yanayohusika kweli: forodha, miundombinu, urahisi wa kupanga usafirishaji kwa bei ya ushindani, umahiri wa watoa huduma, ufuatiliaji wa mzigo na kufika kwa wakati. Lakini kwa sehemu kubwa ni maoni ya wataalamu wa usafirishaji. Kenya ilikuwa ya 42 mwaka 2016 na ya 68 miaka miwili baadaye. Mombasa haikubomoka katikati. Kipimo hicho kinafaa kuuliza maswali, hakifai kuwa lengo la wizara.

Tukirudi kwenye SGR yetu, chekecheke linatuelekeza tutazame mambo mengine kabisa kuliko urefu wa treni. Sehemu zinazofanya kazi zinaishia ukanda wa Dodoma na Makutupora. Mzigo wa Kigali, Bujumbura au Mwanza ukifika huko lazima ushushwe na kupakiwa upya kwenye lori, au kwenye reli ya zamani yenye upana wa milimita 1,000 wakati SGR ina 1,435. Kila kunyanyua kontena ni gharama, foleni na nafasi ya kosa, kwa hiyo kwa safari fupi reli inaweza kula faida yake yote kwenye kuhamisha. Faida itaonekana ikifika Isaka na Mwanza, au kwa sasa kwa mzigo wa Dodoma yenyewe. TAZARA ina bahati tofauti: upana wake wa milimita 1,067 ni ule wa Zambia, Katanga na Afrika Kusini, kwa hiyo behewa linaweza kutoka Dar es Salaam hadi kwenye ukanda wa shaba bila kunyanyua kitu. Lakini kama mabehewa yake yatajaa shaba tu yakija, na salfa na mafuta tu yakienda, tani zitapendeza sana, na Njombe, ambayo reli hiyo inapita jirani yake pale Makambako, itaendelea kuyatazama yakipita.

Kwa hiyo maswali ya kuwauliza waendeshaji wapya, na wizara iliyosaini nao, ni ya aina nyingine. Katika kila makontena 100 ya kuagizwa, la 95 linatoka siku ya ngapi? Takwimu hiyo itolewe kila mwezi, mizigo ya ndani mbali, ya transiti mbali, na kontena la kuchangia lipewe safu yake. Ada ya kuhifadhi inapanda vipi baada ya siku za bure, na je, inapanda kwa kasi ya kutosha kumfanya mwagizaji mkubwa awasilishe kadhia meli ikiwa bado baharini, bila kumnyonga mdogo anayeshikiliwa kwa kosa la mwenzake? Forodha inaweza kulifungua kontena la watu 30 na kuwaachia 29 siku hiyohiyo? Mpaka ukifungwa kwa ugonjwa wa mazao, notisi ni ya siku ngapi, na malori yaliyokwisha kuondoka yanafanywaje? Treni ya kwenda bandarini ina saa yake inayolingana na saa ya kufungwa kwa mlango wa meli? Na pale Makambako, kama treni ya TAZARA itasimama, patakuwa na plagi ngapi za kuchomeka makontena ya baridi, na umeme ukikatika usiku, wa akiba utawashwa na nani?